Kupanua maktaba ya mtaa Mombasa: bajeti ya kaunti, mchango wa watu, mhisani au wakfu?

Ingia maktaba ya umma hapa Mombasa mwezi wa Septemba au Oktoba, watahiniwa wa kidato cha nne wanapojiandaa kwa mtihani, na utaona namna viti vinavyogombewa. Wengi wao hawakuja kuazima kitabu. Wamekuja kutafuta meza, taa na utulivu, vitu ambavyo chumba kimoja cha kupanga Likoni au Mishomoroni, chenye familia nzima ndani, hakiwezi kuwapa. Mtaa unaposema maktaba yake imekuwa ndogo, mara nyingi unasema kweli, na unastahili msaada wa kufikiri vizuri kuhusu pesa.

Makala haya ni ya kamati, walimu, wazee wa mtaa na vijana ambao wameshakubaliana kwamba maktaba yao ipanuliwe na sasa wamekwama kwenye swali la nani atalipa. Njia nne hutajwa karibu kila kikao: bajeti ya kaunti, mchango wa watu wenyewe, mhisani, na wakfu. Kila moja imejenga vitu vya maana katika nchi hii, na kila moja ina mahali pake pa kukwama. Nitazipima kwa vipimo vilevile, halafu niseme ni nani anafaa kushika ipi.

Maliza haya kwanza

Jueni jengo ni la nani. Maktaba inaweza kuwa tawi la Huduma ya Maktaba ya Taifa, mali ya kaunti, chumba cha shule, sehemu ya msikiti au kanisa, au nyumba ambayo jamii imeazimwa na mwenye nyumba mwenye moyo. Jibu la swali hili linaamua ni pesa zipi mnaweza hata kuziomba. Hakuna mhisani makini atakayeweka ghorofa juu ya kiwanja ambacho kesho mrithi mmoja anaweza kuja na karatasi yake akasema ondokeni. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Kwa hiyo, jengo liwe la nani, ofisi ya kaunti lazima ijue mnachofanya.

Jiulizeni pia kama mnachokosa ni chumba au ni saa. Maktaba inayofungwa saa kumi na moja jioni, kisha ikafunguliwa hadi saa tatu usiku, imeongeza nafasi bila jiwe hata moja. Mshahara wa nusu zamu na tokeni za stima ni rahisi kuliko saruji. Ningeanza hapo kabla ya kumwita mchoraji ramani, na ningeangalia miezi michache kama msongamano umepungua.

Ikionekana ujenzi hauepukiki, tafuteni mhandisi aseme kama msingi wa sasa unabeba ghorofa au kama itabidi mtanuke pembeni, kisha mpate BQ, yaani orodha ya vifaa na gharama zake. Kwa Mombasa, BQ hiyo iwe na jicho la pwani. Hewa ya chumvi inakula mabati na nondo zilizofunikwa vibaya, na unyevu unaleta ukungu kwenye vitabu, hasa mvua za masika zikishaanza. Madirisha ya kupitisha hewa na rangi inayohimili chumvi si anasa. Kama maktaba iko ndani ya eneo la hifadhi la Mji wa Kale, ofisi ya uhifadhi ya Makavazi ya Taifa itataka kuona michoro pia.

Vipimo

Kipimo cha kwanza ndicho ninachokitilia uzito kuliko vyote: je, pesa hizi zinajenga au zinaendesha? Andrew Carnegie, tajiri wa chuma aliyegharamia zaidi ya maktaba 2,500 duniani, nyingi zikiwa katika miji midogo ya Marekani, alikuwa na sharti mashuhuri. Mji ulitoa kiwanja, kisha ukaahidi kutenga kila mwaka asilimia 10 ya gharama ya jengo kwa ajili ya kuliendesha. Bila ahadi hiyo hakutoa. Naliona sharti hilo kuwa la busara hata leo, hata hapa.

Tuseme upanuzi wenu unagharimu shilingi milioni 8. Kwa kanuni ya Carnegie, mnahitaji shilingi 800,000 kila mwaka baada ya uzinduzi. Mkutubi mmoja wa shilingi 35,000 kwa mwezi anachukua 420,000. Mlinzi wa 18,000 anachukua 216,000. Zinabaki 164,000 za stima, maji, intaneti, vitabu vipya, magazeti na fundi wa paa, kwa mwaka mzima. Fanyeni hesabu hii kwa bei zenu wenyewe kabla ya kitu kingine chochote. Jengo lililofungwa kwa kukosa mkutubi linavunja moyo wa mtaa kuliko maktaba ndogo iliyo wazi, kwa sababu watu walichanga, walisubiri, wakaamini.

Vipimo vingine vitatu ni vifupi. Muda: kutoka leo hadi pesa kufika mkononi, na kama zitakuja tena. Uamuzi: nani atachagua mkandarasi, vitabu, saa za kufungua na jina la ukutani. Masharti: karatasi, usajili, hesabu na ripoti mtakazodaiwa. Baada ya hapo nitasema kila njia inamfaa nani.

Njia ya kwanza: bajeti ya kaunti

Kujenga au kuendesha. Hii ni mojawapo ya njia mbili zinazoweza kufanya yote mawili, lakini kwa mifuko miwili tofauti, na hapo ndipo kamati nyingi huteleza. Pesa za maendeleo hujenga. Pesa za matumizi ya kawaida hulipa mishahara, stima na vitabu. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo, kwa hiyo wanasiasa wana sababu ya kujenga. Sababu ya kuajiri ni ndogo zaidi, kwani mishahara ndiyo inayobana kaunti zote. Mkienda kuomba, ombeni mistari miwili kwa pamoja: ujenzi katika mwaka wa fedha wa kwanza, na nafasi ya mkutubi katika ule unaofuata. Mkipewa wa kwanza bila wa pili, rudini mkaulize kabla ya mkandarasi kuingia kiwanjani.

Muda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kwisha Juni 30. Mradi unaotaka pesa za Julai unatakiwa uwe ndani ya Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ambao serikali ya kaunti huuwasilisha katika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1 ya mwaka uliotangulia. Taarifa ya mkakati wa fedha inafuata kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti yanawasilishwa kufikia Aprili 30. Kamati inayokuja na barua mwezi wa Mei, mikutano ya wananchi ikiwa tayari imeanza, inakuta chungu kimeshapakuliwa. Nendeni Julai na Agosti, mkiwa na BQ mkononi, mtake jina la maktaba liandikwe. Hata hivyo hesabuni mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya kuona saruji, kwa sababu baada ya bajeti kupitishwa kuna zabuni, na Hazina ya Taifa huchelewesha mgao wa kaunti mara kwa mara. Pesa zisizotumika hadi Juni 30 hurudi kwenye mfuko mkuu wa kaunti, na mradi unaanza kuombewa upya.

Kwa upanuzi mkubwa, angalieni mbali zaidi. Mpango jumuishi wa maendeleo wa kaunti hudumu miaka 5. Wa sasa unahusu 2023 hadi 2027, na uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Mpango wa 2028 hadi 2032 ndio utakaoamua majengo ya miaka hiyo, na vikao vyake ndivyo vya kujaza.

Uamuzi. Uko kwa idara ya kaunti. Mkandarasi anapatikana kwa sheria ya ununuzi wa umma ya 2015, wala kamati haiwezi kumpa kazi fundi wake wa mtaani hata kama ni hodari. Mwakilishi wadi ana sauti kubwa, na Mombasa ina wadi 30 zinazogombea chungu hicho kimoja. Faida ya hapa ni kwamba mnalindwa: Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anaweza kuuliza, na Katiba inawapa wananchi haki ya kushirikishwa katika mambo ya fedha za umma.

Masharti. Kiwanja kiwe cha umma au cha kaunti. Hili ndilo sharti, na linatosha kuwazuia wengi.

Inamfaa nani. Maktaba iliyo juu ya ardhi ya umma, yenye kamati ya watu wavumilivu wanaoweza kuhudhuria vikao mwaka hadi mwaka bila kuchoka. Haimfai mwenye paa linalovuja leo.

Kabla sijatoka serikalini, watu huuliza kuhusu NG-CDF, mfuko wa eneo bunge. Mfuko huo unatakiwa kushughulikia kazi za serikali ya kitaifa, na maktaba ya umma ni kazi ya kaunti. Chumba cha maktaba ndani ya shule ya msingi au sekondari ya umma ni jambo jingine, hapo unaweza kuingia. Lakini Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfuko wenyewe unakwenda kinyume cha Katiba na ukome Juni 30, 2026. Ulizeni ofisi ya eneo bunge lenu mambo yamefikia wapi kabla ya kuutegemea.

Njia ya pili: mchango wa watu wenyewe

Kujenga au kuendesha. Desturi yetu ya harambee imeelekea kwenye kujenga: mgeni rasmi, hema, kipaza sauti, bahasha. Siku moja yenye shangwe inaweza kuleta paa zima. Lakini mchango wenye thamani zaidi kwa maktaba ni ule mdogo wa kila mwezi. Nyumba 300 zikitoa shilingi 200 kwa mwezi kupitia Paybill, mwaka unaleta 720,000, karibu yote tuliyohesabu hapo juu kwa kuendesha. Nusu yao wakiacha baada ya mwaka, zinabaki 360,000, ambazo bado zinamlipa mlinzi na kununua magazeti. Akina mama wa vyama wanaijua nidhamu hii kuliko mtu yeyote, na ningewapa wao uweka hazina kabla ya kumtafuta mhasibu.

Muda. Hapa ndipo njia hii inapozishinda zote. Wiki chache zinatosha kupata pesa za viti, taa, feni na mbao za rafu. Udhaifu wake unakuja baadaye: moto hupoa, na Januari, karo za shule zinapodaiwa, mchango hushuka. Msianze katika Januari.

Uamuzi. Uko kwenu kabisa. Mtachagua fundi, rangi na vitabu. Uhuru huo unaleta wajibu mzito, kwa sababu minong'ono juu ya shilingi elfu mbili inaweza kuua kamati nzima. Bandikeni mapato na matumizi ukutani kila mwezi, kwa mwandiko mkubwa, mahali ambapo mtoto wa darasa la sita anaweza kusoma. Pawe na watu watatu wa kutia sahihi benki, wasiotoka nyumba moja.

Masharti. Jisajilini kama kikundi cha jamii chini ya sheria ya usajili wa vikundi ya 2022, mfungue akaunti kwa jina la kikundi, na msipokee pesa kamwe kwenye simu ya mtu binafsi. Kabla ya kuchangisha hadharani, ulizeni kwa chifu na ofisi ya naibu kamishna wa kaunti kuhusu kibali. Maafisa wa umma wana mipaka ya kisheria katika kuchangisha, kwa hiyo msimlazimishe mwalimu mkuu au chifu kuwa mbele ya bahasha.

Neno moja kwa mitaa yenye Waislamu wengi. Watu watauliza kama wanaweza kutoa zaka yao. Zaka ina makundi manane ya kupewa, na wanazuoni wengi hawakubali iende kwenye majengo. Ombeni sadaka, si zaka, na anayetaka uhakika amuulize sheikh wake. Mtaepuka ugomvi usio na haja.

Inamfaa nani. Upanuzi mdogo, samani, saa za usiku, na pesa za kuendesha. Mtaa wa watu wanaofahamiana, waliokaa muda mrefu. Panapohamahama wapangaji kila baada ya miezi michache, mchango wa kila mwezi hauna mizizi. Na nitasema wazi: mtaa maskini usibebeshwe kujenga ghorofa ambalo Katiba imempa mwingine kazi ya kulijenga.

Njia ya tatu: mhisani

Hapa wamo watu wa aina tofauti: kampuni za mjini zenye bajeti ya kusaidia jamii, mifuko ya benki na kampuni za simu, mashirika ya nje, na wenyeji wetu walioko Uingereza au nchi za Ghuba ambao bado moyo wao uko nyumbani. Hao wa mwisho husahaulika, nao mara nyingi ndio watoaji wenye subira kuliko wengine.

Kujenga au kuendesha. Wahisani wengi hupenda kinachoonekana: chumba, kompyuta, rangi, kibao. Mshahara wa mlinzi hauna picha. Vitabu ni afadhali. Book Aid International ya Uingereza, shirika lililoanza miaka ya 1950, hutuma vitabu barani Afrika, na Kenya ni miongoni mwa nchi inazozihudumia. Lakini vitabu vya msaada vikija bila Kiswahili cha kutosha, watoto watavipita. Ombeni fedha za kununua vitabu katika maduka ya hapa pia, na muwe na orodha tayari: vitabu vya mtaala wa sasa, hadithi za watoto kwa Kiswahili, na rejea za watahiniwa.

Muda. Miezi 6 hadi mwaka kwa kampuni, zaidi kwa shirika la nje. Msaada huja kwa awamu, kisha unaisha. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje karibu kwa usiku mmoja, na miradi mingi nchini ilibaki hewani. Maktaba inayoegemea mhisani mmoja iko katika hatari ya aina hiyo hata mhisani akiwa mwema.

Uamuzi. Ni wa kugawana, na mgawanyo huo uandikwe. Jina la ukutani lijadiliwe mwanzo kabisa. Mimi sioni ubaya wa jina la mhisani kwenye chumba alichojenga. Ubaya ni pale anapotaka kuamua nani aingie au kitabu gani kisiwekwe. Maktaba ya umma ikishakubali hilo, si ya umma tena.

Masharti. Ndiyo mengi kuliko ya njia nyingine: usajili, hesabu zilizokaguliwa, ripoti za robo mwaka, picha, idadi ya wasomaji. Mkitaka kuwa shirika kamili, sheria ya mashirika ya manufaa ya umma ya 2013 ilianza kutumika Mei 14, 2024, na ndiyo inayotawala sasa. Kampuni nyingi zitauliza pia cheti cha msamaha wa kodi cha KRA, kwa sababu nacho ndipo mchango wao unapoweza kuwapunguzia kodi. Kamati isiyo na mtu wa kuandika ripoti kwa wakati itapata msaada mara moja tu.

Inamfaa nani. Maktaba yenye hati safi, uongozi unaojua karatasi, na mtu mwingine tayari amejitolea kulipia uendeshaji.

Njia ya nne: wakfu

Nimekaa sana na njia hii, kwa sababu Mombasa inaijua vizuri kuliko miji mingi ya nchi hii na bado kamati za maktaba haziikumbuki. Misikiti, visima, makaburi na madrasa hapa yamesimama juu yake kwa vizazi. Mji huu pia una historia ndefu ya kusoma bila malipo. Maktaba ya Umma ya Seif bin Salim, pamoja na chumba chake cha kusomea, ilianzishwa 1903, miaka 28 kabla ya maktaba ya McMillan ya Nairobi kufunguliwa.

Kujenga au kuendesha. Wakfu unaendesha. Mtu anaitoa mali yake kwa ajili ya Mungu, mali hiyo haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi tena, na pato lake linakwenda kwenye kazi iliyotajwa. Kwa maktaba, sura yake nzuri ni maduka. Tuseme ghorofa ya chini ya upanuzi ina maduka manne, kila moja kodi yake shilingi 12,000 kwa mwezi: mwaka unaleta 576,000. Duka moja likikaa tupu nusu mwaka, zinabaki 504,000. Bado mshahara wa mkutubi umelipwa, na zimebaki kiasi za stima. Kodi hiyo haimjui gavana mpya wala mhisani aliyebadilisha mawazo. Rejeeni sasa ile kanuni ya asilimia 10, mtaona kwa nini naipenda njia hii.

Muda. Mrefu mno mwanzoni. Lazima mpate mtoaji mwenye mali safi, na mazungumzo na familia yake hayaharakishwi. Mkimwendea mzee bila watoto wake kujua, mnapanda kesi. Mali ikishaandikishwa na wapangaji wakaingia, pesa huja kila mwezi kwa miaka mingi.

Uamuzi. Hati ya wakfu ndiyo inayoamua, na haibadilishwi kwa urahisi, kwa hiyo kila neno lipimwe. Iandikwe kwamba maktaba ni ya wasomaji wote, wa dini zote, wanawake na wanaume. Iandikwe pia kwamba sehemu ya kodi iwekwe akiba ya ukarabati kabla ya matumizi mengine. Na itajwe msimamizi ni nani, akifa anafuatwa na nani, hesabu anampa nani. Mali nyingi za wakfu zimedhoofika kwa sababu kodi ilibaki ile ya zamani huku mji ukipanda, kwa hiyo wekeni kipengele cha kuipitia kodi upya kila baada ya miaka michache.

Masharti. Uandikishwe kwa Tume ya Wakfu, ambayo ina ofisi hapa Mombasa, na mwanasheria aisome hati. Hati miliki ya mali iwe safi. Hii ndiyo shida kubwa ya pwani, ambako kuna viwanja ambavyo nyumba ni ya mtu mmoja na ardhi ni ya mwingine. Nyumba iliyo juu ya ardhi ya mtu isiwe msingi wa wakfu wa maktaba mpaka jambo hilo limemalizwa.

Wasio Waislamu wanaweza kufika karibu na hapo kwa amana ya hisani yenye wadhamini waliosajiliwa. Roho ni ileile: mali inafungwa, pato linatumika.

Inamfaa nani. Mtaa wenye familia zenye mali na historia, na kamati inayofikiria wajukuu. Haijengi chumba mwaka huu.

Zinapochanganywa

Kwa kweli maktaba chache hushika njia moja tu. McMillan yenyewe ilijengwa kwa fedha za familia na za mfuko wa Carnegie, kisha ikaangukia mikononi mwa mji. Miaka mingi baadaye, shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, liliingia makubaliano na kaunti ya Nairobi kuifufua pamoja na matawi ya Kaloleni na Makadara. Kaunti ikabaki mwenye mali, shirika likatafuta wahisani na kuleta wasomaji. Kamati ya Mombasa ingejifunza sana kwa kuomba kuona makubaliano ya namna hiyo yanavyoandikwa: nani analipa nini, kwa miaka mingapi, na nini kinatokea upande mmoja ukishindwa.

Mchanganyiko ninaouona kuwa salama ni ule ambao pesa za mara moja zinalipia vitu vya mara moja, na pesa zinazorudi zinalipia vinavyorudi. Mhisani ajenge, kaunti iajiri. Au kaunti ijenge, wakfu ununue vitabu, na mchango wa mtaa ulipie saa za usiku. Kinachoniogofya ni harambee iliyojenga, mhisani aliyepaka rangi, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa kuhusu mshahara.

Kwa hali yenu

Mko kwenye ardhi ya kaunti na jengo ni zima ila limejaa: anzeni na saa za usiku kwa mchango wa mtaa mwaka huu, na Julai ijayo mpeleke BQ kwa idara ya kaunti mkiwa na daftari la wasomaji wa usiku kama ushahidi. Daftari lenye majina na saa linasema zaidi ya hotuba.

Paa linavuja na vitabu vinaoza: msisubiri bajeti. Changisheni za paa pekee, mkiambatanisha bei ya fundi, na mfunge mchango huo siku paa likikamilika ili watu wauamini ule utakaofuata.

Mmepata mhisani anayetaka kujenga haraka: muonyesheni hesabu ya miaka 3 ya kuendesha kabla ya michoro. Akikubali kuchangia mwaka wa kwanza wa mshahara huku kaunti ikiahidi kwa maandishi unaofuata, endeleeni. Akikataa kabisa kuzungumzia uendeshaji, mwombeni ajenge kidogo zaidi: chumba kimoja chenye viti na taa nzuri badala ya ghorofa.

Kuna mzee mtaani mwenye nyumba au maduka na nia njema: mpelekeni kwa mwanasheria na Tume ya Wakfu pamoja na watoto wake, polepole. Wakati huohuo msisimamishe njia nyingine kwa kumngoja.

Maktaba iko ndani ya shule: zungumzeni na bodi ya shule kwanza kuhusu mlango wa nje na saa za umma baada ya masomo. Bila makubaliano hayo, pesa zozote mtakazotafuta zitapanua maktaba ya wanafunzi wa shule hiyo, na mtaa utabaki nje ya geti.

Na kama mko kwenye nyumba ya kuazimwa, bila hati wala mkataba, msiweke saruji. Nunueni vinavyohamishika: rafu za kufungua kwa spana, meza, taa za sola, feni, vitabu. Halafu mkae na mwenye nyumba muandikiane mkataba wa miaka kadhaa mbele ya wakili, na nakala moja ibaki kwa chifu.